Fedha za UVIKO, kazi za utalii na siasa za mikopo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Majibu haya ni kwa wafanyakazi wa hoteli na kampuni za utalii, wagumu (wabeba mizigo) na waongozaji wa mlimani, wenye maduka, na yeyote anayetaka kujua fedha za janga zilitoka wapi, zilipita njia gani na kwa nini hazikumfikia. Tumeeleza zaidi pale ambapo watu hupoteza haki zao kwa kutojua.

Serikali iligawa fedha mkononi kwa wananchi wakati wa korona?

Hapana, hakukuwa na mgao kwa kila mwananchi. Marekani ilituma dola 1,200 kwa mtu mzima mwaka 2020 chini ya sheria ya Machi mwaka huo. Togo nayo ilitumia daftari la wapiga kura na simu za mkononi kuwalipa watu wa kipato kidogo. Tanzania ilifuata njia nyingine: mwaka 2020 ililegeza masharti ya benki, na mwishoni mwa 2021 ikaweka fedha za mkopo kwenye majengo, maji, mashine za hospitali na barabara. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya maswali yanayofuata inajijibu. Fedha ilipitia kwa mkandarasi, fundi, muuza saruji na benki, kisha ikamfikia mwananchi kama darasa au bomba la maji. Ambaye shida yake ilikuwa kodi ya nyumba ya mwezi ule hakuiona.

Kwa nini mwaka 2020 hakukuwa na mpango mkubwa wa kunusuru uchumi?

Sababu ya kwanza ni ya kisiasa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, akiwa Arusha baada ya kuingia nchini kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA). Shule zilifungwa siku iliyofuata. Lakini Rais John Magufuli alikataa kuwafungia watu ndani, akaeleza kwamba watu waendelee kufanya kazi. Mwishoni mwa Aprili takwimu za wagonjwa zilisimama kwenye watu 509 na vifo 21. Mwanzoni mwa Mei Rais alihoji hadharani vipimo vya maabara, na Juni akatangaza kuwa nchi haina tena korona. Serikali iliyotangaza kwamba ugonjwa umekwisha isingeweza, kwa mdomo uleule, kwenda kuomba fedha nyingi za kupambana nao. Uchaguzi mkuu ulikuwa Oktoba 28 mwaka huohuo.

Sababu ya pili ni hesabu za jumla. Pato la taifa lilikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, wakati majirani kadhaa walirudi nyuma. Kilimo, madini na ujenzi viliendelea. Ila wastani wa taifa hauonyeshi kilichotokea Sakina, Usa River, Karatu au Marangu. Watalii walioingia nchini walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, na mwaka 2020 wakawa 620,867. Ndege za kimataifa zilisimamishwa Aprili 12. Ndege ziliruhusiwa tena Mei 18, lakini kule watalii wanakotoka bado kulikuwa kumefungwa. Mlango ulifunguliwa, mgeni hakuwepo.

Tunaona kosa la kipindi kile halikuwa kukataa kuwafungia watu ndani, maana mtu wa soko la Kilombero au la Mbuyuni anayekula alichouza leo asingestahimili. Kosa lilikuwa kuuona mkoa uliopoteza biashara yake kuu kwa macho yaleyale ya mkoa unaolima mahindi.

Benki Kuu ilifanya nini hasa, na mimi mwenye biashara ndogo nilipata nini?

Mei 12, 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mambo manne yanayomgusa mtu wa kawaida. Kiwango ambacho benki za biashara hutakiwa kuweka Benki Kuu kilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 6. Riba ambayo Benki Kuu huzitoza benki ilishuka kutoka asilimia 7 hadi 5. Benki ziliruhusiwa kupanga upya mikopo ya wateja walioathirika. Na kikomo cha miamala ya simu kwa siku kilipandishwa kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, huku salio la juu likipanda kutoka milioni 5 hadi milioni 10.

Hatua mbili za kwanza huongeza fedha ndani ya benki. Katika kila shilingi 100 za amana, benki iliyokuwa ikifungia 7 sasa inafungia 6, na ile moja inaweza kukopeshwa. Lakini itakopeshwa kwa nani? Mwenye hati ya nyumba, hesabu za miaka mitatu na namba ya mlipakodi. Tena katika mwezi ambao utalii umekufa, afisa mikopo anayeona kampuni yako ni ya utalii anarudisha faili mezani. Ndiyo maana wengi husema hawakuona unafuu wowote, na wanasema kweli.

Jambo la simu lilifika kwa watu wengi zaidi. Bahati mbaya, Julai 15, 2021 ilianza tozo ya miamala, na wafanyabiashara wengi wakarudi kwenye noti. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 baada ya malalamiko, lakini mazoea yalikuwa yamekwisha kuvurugika.

Benki "ilinisaidia" kwa kuahirisha marejesho. Mbona deni limekua?

Kwa sababu kuahirisha si kusamehe. Chukua mkopo wa gari la watalii uliobaki shilingi milioni 40, riba asilimia 18 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Riba ya mwezi ni 600,000. Ukisimama miezi sita bila kulipa, riba inayolimbikizwa ni 3,600,000. Benki ikiijumlisha kwenye mtaji, yaani deni la msingi, salio jipya ni 43,600,000 na riba ya mwezi unaofuata ni 654,000. Hapo hujachelewa hata siku moja.

Kabla ya kusaini, dai ratiba mpya ya marejesho kwa maandishi na uangalie mambo haya: je, riba ya miezi ya kusimama italipwa mwishoni au inaingia kwenye mtaji? Rejesho linabaki lilelile kwa muda mrefu zaidi, au muda ni uleule na rejesho linapanda? Bima kubwa ya gari inaendelea kukatwa? Mdhamini amesaini upya? Hili la mdhamini huleta ugomvi wa kifamilia, kwani shemeji aliyedhamini miaka mitatu anakuja kushtuka mwaka wa tano bado jina lake lipo. Kama unaweza kulipa riba peke yake katika kipindi cha kusimama, lipa. Salio halitapungua, lakini halitakua.

Zile shilingi trilioni 1.3 zilitoka wapi? Ni kweli hazikuwa na riba?

Zilitoka Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuapishwa Machi 19, 2021, aliunda kamati ya wataalamu wa korona, nchi ikarudi kutoa takwimu, na Julai 28 yeye mwenyewe akachanjwa hadharani. Septemba 7, 2021 IMF iliidhinisha dola milioni 567.25. Kwa dola moja takribani shilingi 2,300, hiyo ni kama trilioni 1.3.

Kauli kwamba mkopo wote hauna riba si sahihi. Ni mikopo miwili iliyofungwa pamoja. Theluthi moja, dola milioni 189.08, haina riba. Hulipwa ndani ya miaka 10 na malipo ya kwanza huanza baada ya miaka mitano na nusu. Theluthi mbili, dola milioni 378.17, ina riba ya IMF na hulipwa kati ya mwaka wa nne na wa tano, yaani kuanzia mwishoni mwa 2024 hadi 2026. Hata hivyo ni nafuu kuliko mkopo wa benki za kibiashara za nje. Hakuna haja ya kuupamba kwa sifa usizokuwa nazo.

Ziligawanywaje?

Mpango wenyewe ulizinduliwa Dodoma Oktoba 10, 2021 kwa jina la Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19. Mtaani uliitwa "fedha za UVIKO". Sehemu kubwa ilikwenda afya na elimu, ikifuatiwa na Zanzibar, maji, na utalii uliopata takribani bilioni 90. Makundi maalumu na kaya maskini zilipata kipande kidogo sana.

Kilichoonekana zaidi ni madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile zinazojengwa karibu na vitongoji ili watoto wadogo wasitembee mbali. Darasa moja lilipangiwa shilingi milioni 20. Uhusiano wa darasa na korona ulielezwa kuwa ni kupunguza msongamano. Matokeo yake ni kwamba Januari 2022 watoto waliofaulu waliingia kidato cha kwanza kwa pamoja, bila awamu ya pili ya kusubiri vyumba. Hilo ni jema na linastahili kusemwa wazi.

Ugumu ulikuwa kwenye utekelezaji. Madarasa yote yalijengwa nchi nzima katika miezi ileile, kwa mafundi wa maeneo husika na kamati za shule badala ya wakandarasi wakubwa. Milioni 20 ni ileile, iwe shule iko kando ya lami ya Moshi au huko juu ambako lori la mchanga linalipwa mara mbili. Mahitaji ya saruji na nondo yakipanda ghafla, bei inapanda, na bajeti ya darasa haipandi. Mahali pa kwanza pa kubana ni jamvi la sakafu: uwiano wa zege unapunguzwa saruji, na baada ya misimu miwili ya mvua sakafu inaanza kutoa vumbi na mashimo mlangoni.

Kwa nini fedha za utalii zilikwenda kwenye barabara za hifadhi na mitambo, si kwa wagumu na waongozaji?

Kwanza, masharti ya mkopo na mipango ya serikali hupenda kitu kinachohesabika na kukaguliwa. Greda lina namba ya injini. Mgumu aliyepanda mlima kwa njia ya Machame mara mbili kwa mwezi na kulipwa taslimu getini hana karatasi yoyote inayosema alikuwa na kazi.

Pili, mapato ya hifadhi yenyewe yalikuwa yamebadilishiwa njia. Kuanzia mwaka wa fedha 2020/21 mapato ya shirika la hifadhi za taifa (TANAPA) na ya Ngorongoro yalianza kukusanywa na mamlaka ya mapato (TRA) na kuingia mfuko mkuu wa serikali. Mabadiliko hayo yalifika wakati huohuo ambapo wageni walipotea, kwa hiyo barabara za ndani zilihitaji fedha kutoka kwingine.

Tatu, wagumu hawakuwa na mtu mezani. Wamiliki wa kampuni wana chama, hoteli zina chama, na vyama vya wagumu vipo lakini wanachama wengi hawana mkataba wa maandishi. Tunaamini hapa ndipo palipokuwa na upungufu mkubwa kuliko wote. Orodha zilikuwepo: kila safari ya Kilimanjaro huandikisha wagumu wake getini, majina na uzito wa mizigo. Togo iliwapata watu wake kwa daftari la kura. Daftari la geti lingetosha kuanzia.

Nilipunguzwa kazi hotelini. Nina haki gani?

Swali hili huulizwa kuliko mengine, na jibu halihusu korona peke yake.

Mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kiuchumi anatakiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kutoa taarifa ya kusudio, kueleza sababu, na kushauriana na wafanyakazi au chama chao kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku zisizopungua 28 au malipo badala yake. Unastahili pia mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, cheti cha utumishi, nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama ni mbali, na kiinua mgongo kama umetimiza miezi 12 mfululizo.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Mfano: mshahara wa msingi 520,000, siku sita za kazi kwa wiki, miaka 6 na miezi 7. Gawa 520,000 kwa 26, unapata 20,000 kwa siku. Zidisha kwa 7, ni 140,000. Zidisha kwa 6, ni 840,000. Ile miezi 7 haihesabiki. Tazama hati ya mshahara: kama mwajiri aliandika msingi 250,000 na kilichobaki akakiita posho, hesabu itafanywa kwa 250,000. Ndiyo sababu posho nono ukiwa kazini huuma siku ya kuondoka.

Halafu kuna fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Aliyechangia angalau miezi 18 na akaachishwa kazi hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Kwa 520,000 ni 173,160 kwa mwezi. Sharti linalowaangusha wengi ni moja: usiwe umeacha kazi mwenyewe. Mwaka 2020 waajiri waliwapa watu barua iliyokwisha chapwa, "naomba kuacha kazi kwa hiari yangu", wasaini ili wapewe mshahara wa mwisho. Sahihi hiyo hukupotezea fao la NSSF, na kwa kawaida hukupotezea kiinua mgongo na haki ya kulalamika. Usiisaini. Kama umelazimishwa, andika pembeni kwa mkono tarehe na neno "sikubaliani", piga picha, nenda kwenye chama cha wafanyakazi siku hiyohiyo.

Nipeleke malalamiko wapi, na kwa muda gani?

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kupinga kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, ni siku 60. Unajaza Fomu namba 1, unampa mwajiri nakala, unarudisha ushahidi kwamba ameipokea. Wengi huchelewa kwa sababu mwajiri anawaambia wasubiri, msimu ukifunguka watarudi. Siku hazisimami kwa ahadi ya mdomo. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku uliyochelewa.

Sikufukuzwa, niliambiwa likizo bila malipo. Je?

Likizo bila malipo ni makubaliano. Mwajiri hawezi kukuamulia peke yake. Kama ulikubali, ajira yako ipo lakini mshahara haupo, michango ya NSSF haipelekwi, na fao la kukosa ajira huwezi kudai kwa kuwa hujaachishwa. Barua iwe na tarehe ya mwisho. Isiyo na tarehe ya mwisho ni mtego.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ingeweza kunisaidia?

Kwa sheria ya 2018 kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ni mpango mzuri, ila hutoweka pale unapohitajika. Wakati ule kampuni zililipa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo. Yenye mauzo ya milioni 200 ililipa 600,000, na kati ya hizo 60,000 ziliingia kwenye mikopo. Mauzo yalipoanguka hadi milioni 20, kilichoingia ni 6,000. Mwaka wa watu wengi kukosa kazi ndio mwaka wa mfuko kukauka. Aprili 2023 mikopo ilisimamishwa baada ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali (CAG) kuonyesha vikundi hewa na marejesho mabovu, kisha ikarudi kwa utaratibu mpya.

Na TASAF?

TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hulipa kaya zilizo kwenye daftari, zilizotambuliwa na mkutano wa kijiji au mtaa na kuhakikiwa. Mwongozaji aliyekuwa na kipato kizuri hadi Februari 2020 hakuwemo, na daftari haliongezwi kila mwezi.

Spika alijiuzulu kwa sababu ya mkopo huu?

Mwisho wa Desemba 2021 Spika Job Ndugai alikosoa hadharani ukopaji wa serikali, akautaja mkopo wa trilioni 1.3, akaonya kwamba nchi inaweza kupigwa mnada. Rais alijibu kwamba serikali itaendelea kukopa ili kumaliza miradi. Spika aliomba radhi Januari 3, 2022, na siku iliyofuata Rais akalizungumzia suala hilo kwa ukali. Januari 6 Ndugai akajiuzulu.

Bunge halipigi kura kwa kila mkopo. Kwa Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada, Waziri wa Fedha ndiye husaini. Bunge hupitisha bajeti yenye ukomo wa kukopa. Swali alilouliza Ndugai, kama tukope au tujibane kwa tozo, lilikuwa halali kabisa. Lilizikwa na ugomvi wa nani alimwambia nani.

Nitajuaje fedha za kata yangu zilitumikaje?

Anza shuleni, si wilayani. Kila mradi wa darasa una kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Omba kuona daftari la mapokezi: tarehe, mifuko ya saruji, nondo na ukubwa wake, bati na geji yake, sahihi za waliopokea. Linganisha na hati ya malipo. Mifuko 50 iliyolipiwa na 42 iliyopokelewa itaonekana kwenye mstari mmoja. Kisha muulize mtendaji wa kata taarifa ya mapato na matumizi, ambayo hutakiwa kubandikwa kwenye ubao na kusomwa mkutano mkuu.

Ukitaka picha ya halmashauri nzima, soma ripoti ya CAG ya serikali za mitaa. Humfikia Rais kila mwisho wa Machi na huwekwa mezani bungeni Aprili. Tafuta jina la halmashauri yako, soma hoja ambazo hazijajibiwa, na ziandike namba. Diwani anayeulizwa kuhusu "fedha za UVIKO" kwa jumla atajibu kwa jumla. Diwani anayeulizwa kuhusu hoja yenye namba, mbele ya mkutano, atalazimika kuleta karatasi.